Alama Tisa kwa Mia

Alhamisi, 4 Mei

Mvua. Leo nimekabidhiwa kishikwambi, fulana ya kijani na beji yenye picha yangu, na kama kuna mtu kilimani kwetu ambaye hajaniona nikipita na hiyo beji, basi hakutoka nyumbani. Taasisi imekuja Salvador kupima ustawi wa jamii zetu, sisi watu wa orisha, miungu waliyotuachia mababu kutoka Afrika. Nyumba arobaini za ibada zimechaguliwa na yetu imo. Miaka kumi na sita nimekuwa mhudumu wa afya wa mtaa huu, napima presha, nawafuata wenye kisukari mpaka jikoni kwao, kwa hiyo waliponitafuta sikujifanya nashangaa.

Profesa Lenise, anayeongoza kazi hii, alitufundisha kutwa nzima. "Kisichopimwa hakionekani," alisema, "na kisichoonekana hakipati kitu." Nikasema moyoni, huyu ana akili. Miaka yote hii wakubwa wa mji wanapita chini ya kilima vioo vya magari vimefungwa. Safari hii tutahesabiwa.

Mama Detinha, mkuu wa nyumba yetu, aliitazama ile beji kwa makini, kisha akaniuliza kama picha nilipigwa nikiumwa jino.

Jumanne, 9 Mei

Fomu kumi na moja, maswali sitini na mawili kila moja. Nimelowa mpaka magotini.

Jumatano, 10 Mei

Siku ya bamia za Shango, orisha wa radi. Tiana, mpishi wa nyumba, nilimhoji huku akikata bamia, maana kumkalisha Tiana chini ni sawa na kumkalisha kuku. Tukafika swali la ishirini: una watu wangapi unaoweza kuwaomba msaada ukipatwa na shida?

"Wote," akasema.

"Wote ni wangapi? Kisanduku kinataka namba."

"Nyumba hii ina watoto wangapi? Weka mia tatu na ushee. Na wale wa mji wa Feira de Santana uwahesabu, hata kama huwa wanakuja kula tu."

Kisanduku kinaishia kumi. Nikaweka kumi. Tiana akalalamika kwamba nimemfanya yatima mbele ya serikali, tukacheka.

Jumamosi, 13 Mei

Ivonilde ameingia ndani kuwa mwali. Ana miaka hamsini na mbili, ni mpishi wa shule, na tangu amzike kaka yake miaka miwili iliyopita hajawahi kulala usiku mzima. Amemeza vidonge vya kila rangi. Mama Detinha alipotupa kauri za ramli, zikasema huyu ni mtoto wa Nana, orisha bibi wa matope na maji yaliyotulia, na bibi amechoka kusubiri.

Ni siku ishirini na moja. Kichwa kinanyolewa, analala kwenye mkeka, anakula kwa mkono, hana simu wala kioo, na hasemi na mtu. Shingoni na mikononi anafungwa kamba za majani makavu zinazomlinda, na hazifunguliwi mpaka wakati wake. Akihitaji kitu anapiga makofi, na sisi tunaoyajua yale makofi tunaitika. Mimi ni ekedi wa nyumba hii: orisha hanipandi kichwani, kazi yangu ni kuwatunza wanaopandwa, niwafute jasho, niwashike wasianguke. Mwali wa safari hii ni wangu. Mlangoni alinishika mkono. Nikamwambia, "Ingia, dada. Humu hakuna wa kukugusa."

Jumanne, 16 Mei

Amelala usiku mzima, wa pili mfululizo. Tiana anasema anakoroma madeni ya miaka miwili.

Jumamosi, 20 Mei

Taasisi inataka fomu zote Jumatatu. Kila mkazi, bila kuruka mtu, na aliyelala nyumbani siku saba zilizopita anahesabika mkazi. Nyumba nzima nimemaliza, amebaki Ivonilde.

"Mwali hapimwi," Mama Detinha alisema. "Akitoka, muulize."

"Akitoka tutakuwa tumechelewa, mama. Nyumba yetu itaonekana ina pengo."

"Na ionekane. Pengo ni la kweli. Hayupo."

"Yupo, mama! Nimetoka kumpa uji sasa hivi."

"Jaciara, mtoto aliye tumboni utamuuliza kitanda chake kiko wapi?"

Moyoni niliona uzee umeanza kumchezea. Ndio hao hao, nikawaza, wanaolia kwamba hatuonekani, na ukija kuwaonyesha wanafunga mlango. Fomu inaruhusu mtunzaji kujibu kwa niaba ya asiyeweza kusema. Mtunzaji ni nani kama si mimi? Nikakaa kizingitini, Ivonilde amelala kwa ubavu anatazama mvua, uso wake umelainika, nikajaza kwa uaminifu kama nilivyofundishwa.

Ana kitanda? Hapana. Anatumia kijiko? Hapana. Katika siku saba zilizopita ametoka nje ya nyumba? Hapana. Amezungumza na ndugu au rafiki? Hapana. Yupo mtu anayemwamulia saa ya kula, kuoga na kulala? Ndiyo. Amenyolewa na mtu mwingine? Ndiyo. Anaweza kueleza hisia zake? Hapana.

Kulala vizuri hakukuulizwa.

Kishikwambi kikapiga hesabu yake kikatoa tisa kwa mia. Nilicheka kwa sauti. Nilimpelekea Tiana jikoni naye akapiga kofi pajani: "Tisa! Hata maiti anapata zaidi, yeye angalau ana sanduku." Nikabonyeza kutuma.

Jumatano, 24 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa jirani umelala chini. Hakuna aliyeumia.

Ijumaa, 26 Mei

Naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Walikuja saa tatu asubuhi, sote tumevaa nyeupe kama kila Ijumaa. Afisa wa ustawi wa jamii, Bi Solange, mwanamke mwenye sauti laini na mwavuli mzuri. Nyuma yake askari wawili na muuguzi. Alikuwa na karatasi: mtu mzima amefungiwa, ananyimwa kitanda, mawasiliano na uhuru wa kusema, anatendewa kwa namna ya kudhalilisha. Nilipoyasoma maneno yale niliyajua. Yalikuwa majibu yangu, yamepangwa upya na kupigwa muhuri. Kumbe fomu yoyote iliyo chini ya kumi inakwenda yenyewe moja kwa moja kwa afisa. Siku nzima ya mafunzo hakuna aliyetutajia hilo. Tulifundishwa jinsi ya kuchaji kishikwambi.

"Mimi nakuheshimu, mama," Bi Solange alimwambia Mama Detinha. "Naheshimu dini zote. Nataka tu nimwone, aniambie kwa mdomo wake kwamba yuko salama."

"Kwa mdomo wake hawezi mpaka siku saba zijazo."

"Kwa nini hawezi?"

"Kwa sababu ameahidi. Wewe ulipoolewa hukuahidi kitu?"

"Niliahidi, na nilikuwa huru kusema hapana."

"Na yeye alikuwa huru. Alikuja kwa miguu yake, na begi lake, na sandali zake mpya. Muulize huyu." Akanionyesha mimi.

Nikasema yote. Kwamba fomu niliijaza mimi. Kwamba mkeka si adhabu, kwamba anakula kuliko sisi, kwamba analala kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Bi Solange alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema, "Dada, uliandika hapana, sasa unasema ndiyo. Niamini lipi?"

Mungu wangu.

Wakaingia. Viatu vyao, na matope yao, mpaka kwenye mkeka. Ivonilde aliinuka akakaa, akaniangalia mimi, si wao. Bi Solange alichuchumaa mbele yake: "Mama, unanisikia? Uko hapa kwa hiari yako?" Ivonilde akapiga makofi. Taratibu matatu, kisha ya haraka haraka, vile inavyopaswa, kwa adabu zote. Alikuwa anajibu! Chumba kizima tulielewa. Alikuwa anasema nipo, nawasalimu, niacheni. Muuguzi akaandika, na nilisoma juu ya bega lake: haitikii maswali, anapiga makofi bila sababu.

Wakamchukua. Askari mmoja, kijana, alikuwa anatazama chini muda wote, nadhani na yeye ana bibi yake mahali fulani. Mama Detinha hakupiga kelele. Alimfunika Ivonilde shuka jeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Anakwenda, na sisi tunakwenda." Tulikuwa wanawake kumi na tisa. Tulitandika mkeka wake kwenye korido ya hospitali, tukasimama kuuzunguka ili macho ya watu yasimfikie. Wagonjwa wengine walitusogezea viti. Mwanamke mmoja mwenye Biblia mkononi, ambaye nilijua fika angenitukana sokoni, alimwambia mlinzi, "Waache, hujaona mtu anapouguzwa?"

Lakini kwenye chumba cha vipimo hawakuturuhusu kuingia. Huko ndiko walikomkata kamba zote, shingoni na mikononi, kwa mkasi. Zilikuwa zinawazuia kufunga kipimo cha presha. Mkasi wa chuma, kwa mtoto wa Nana! Nyumbani kwetu hata chakula cha Nana hakiguswi na kisu cha chuma, bibi na chuma waligombana tangu dunia ilipokuwa matope, na hilo analijua hata mtoto anayetambaa. Tulimsikia Ivonilde akipiga kelele moja tu. Ndivyo alivyovunja kimya chake.

Daktari alimruhusu jioni. Presha yake ni nzuri kuliko yangu. Hana jeraha, hana njaa, hana tatizo lolote. Bi Solange alisema amefurahi kusikia hivyo, akafungua mwavuli wake akaenda.

Jumamosi, 27 Mei

Mama Detinha ametupa kauri mara tatu. Jibu ni lile lile: siku kumi na tatu zimepotea, inaanza upya, moja mpaka ishirini na moja. Lakini hakuna anayemvuta mwali kwa mkono. Aingie mwenyewe au asiingie. Ivonilde amerudi nyumbani kwake na kichwa kilichonyolewa chini ya mwavuli wa Tiana. Mimi hakuniangalia.

Nilimwendea Mama, nikalala kifudifudi mbele yake. Nilitaka anitukane. Aliniinua, akasema, "Ulinisikia na hukunisikiliza. Sasa nenda kapike, Tiana kachoka." Afadhali angenichapa.

Alhamisi, 1 Juni

Nimekwenda taasisi. Mabasi mawili, na mvua juu. Profesa Lenise alinipokea kwa kahawa.

Nilimwambia ile fomu ifutwe. Akasema haifutiki, daftari limefungwa. Nikamwambia kipimo chake ni kibovu. Akasema, bila kukasirika, kwamba kimehakikiwa katika nchi kumi na moja.

"Kwenye hizo nchi mlimpima mwali akiwa ndani?"

"Jaciara, kipimo hakikumtoa mtu nyumbani. Kipimo kinasoma kilichoingizwa. Na aliyeingiza ni wewe."

Hapo alinipata, na alijua amenipata, na ndiyo maana namchukia zaidi. Ni kweli. Ningekuwa mgeni ningejitetea kwa ugeni. Mimi niliujua mkeka ule, nimezifuma kingo zake kwa mikono hii, nikauandika kama ukosefu wa kitanda kwa kuwa kisanduku kiliuliza kitanda. Miaka kumi na sita nawaambia watu wa mtaa wasikubali kila kinachoandikwa juu yao, kisha nikapewa beji.

"Nisaidie basi," Profesa akaendelea. "Tuandike maswali bora pamoja. Jina lako litawekwa kwenye ripoti."

"La kwanza liulize nani aliwapa ruhusa ya kumpelekea afisa maneno tuliyosema tukikata bamia."

Aliandika! Akachukua kalamu akaandika kwenye daftari, anadhani nampa swali. Nikaiweka beji juu ya meza, na fulana, na kishikwambi kikiwa na chaji kamili, nikaondoka. Kahawa sikuinywa.

Jumatano, 7 Juni

Ivonilde hafungui mlango. Wanawake wanapeana zamu kumwachia chakula kizingitini. Mabakuli yanarudi matupu, kwa hiyo yu hai. Jirani yake anasema taa inawaka mpaka asubuhi.

Alhamisi, 8 Juni

Bakuli langu limerudi limejaa.

Jumapili, 18 Juni

Barua kutoka kwa afisa wa ustawi: baada ya uchunguzi, suala limefungwa bila hatua zaidi. Mistari minne. Nimeisoma mara sita kutafuta neno pole. Mama Detinha aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni inayoyumba. Zamani ningemwambia, mama, barua ya serikali hiyo. Leo nilimshikia meza.

Jumamosi, 24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Kuni zimelowa, moto umewaka kwa tabu, moshi mwingi kuliko mwali wa moto. Mahindi, karanga za kuchemsha, pombe tamu ya tunda la jenipapo. Tiana alipata vikombe vinne akaanza kuniigiza nikihoji watu: "Ndugu Yohana Mbatizaji, una kitanda? Unakula nzige kwa kijiko? Tisa kwa mia!" Watu walianguka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Huyo kaka wa Ivonilde alipokufa hakuna afisa aliyekuja na mwavuli. Miaka miwili halali, hakuna aliyegonga. Amelala wiki mbili kwetu, wakaja watu wanne.

Jumamosi, 1 Julai

Amekuja.

Asubuhi, mvua nyembamba, tunafagia maji uani. Ivonilde kasimama getini na begi, nywele zimeanza kuota, macho mekundu. Hakuna aliyemwita. Mama Detinha alisogea akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, asije akaonekana anamvuta.

"Nimekuja kumalizia usingizi wangu," Ivonilde alisema. "Ule ulikuwa wangu. Wameninyang'anya, na mimi si mtu wa kunyang'anywa nikakaa kimya."

"Karibu, mwanangu."

"Lakini simtaki Ekedi Jaciara. Asinilishe, asiniogeshe, asiingie mlangoni."

Fagio langu lilisimama. Watu wote waliangalia maji. Nimekuwa ekedi kwa miaka ishirini na mbili, mwali hachagui nani amtunze, haijawahi kusikika. Nilimwangalia Mama aseme kitu.

"Sawa," Mama akasema.

Jumanne, 11 Julai

Najifunza kutunza kutoka nje. Nachuja dawa za majani, naanika nguo zake ndani kwa kuwa nje hazikauki, namkabidhi mwingine aingize. Kutoka uani namsikia akikoroma. Watu wawili kutoka nyumba nyingine walikuja kuniuliza wamjibu nini Profesa, amewaandikia kuhusu ripoti. Nikawaambia wamjibu mwali hapimwi. Nilisikia sauti yangu ikifanana na ya Mama, nikaendelea kuchuja.

Alhamisi, 20 Julai

Kesho kutwa mwali anatoka. Tiana amekosana na muuza vitunguu, na mimi, na mvua.

Jumamosi, 22 Julai

Tulianza alasiri, nyumba imefurika, watu mpaka barazani chini ya mabati. Mwanamke wa Biblia wa hospitali alikuja, akasimama karibu na mlango ili aweze kukimbia. Hakukimbia.

Nana alikuja akiwa amempanda Ivonilde kichwani, taratibu, ameinama, anatembea vile bibi mzee anavyotembea kwenye tope. Ngoma zikanyamaza. Alipoulizwa jina, kama ilivyo desturi ya siku ya kutoka, alizunguka mara tatu, akaruka, akalitaja kwa ukelele mpaka mabati yakaitika, na watu mia tatu na ushee wakajibu kwa kishindo. Ndiyo, tulikuwa tunafika. Wa Feira de Santana walikuwepo, wamekula. Nililia waziwazi, ingawa taulo la kumfutia jasho lilikuwa mkononi mwa mwingine.

Baadaye Nana alikwenda, na Ivonilde akarudi akiwa yeye, amevaa nyeupe, uso mpya. Ni desturi mwali azunguke kwa wakubwa mmoja mmoja, alale kifudifudi mbele ya kila mmoja, aombe baraka, ainuliwe. Hiyo hachagui. Alizunguka wote, nikabaki mimi.

Alisimama mbele yangu. Kabla hajapiga goti, nililala mimi. Kifudifudi, mikono ubavuni, paji la uso kwenye sakafu yenye maji ya miguu ya watu. Nilisikia nyumba nzima ikivuta pumzi. Mkubwa halali mbele ya mdogo, hajawahi. Na Ivonilde, kwa kuwa mdogo hawezi kusimama mkubwa akiwa chini, alilala naye, kichwa chake mkabala na changu. Sasa hakuna wa kumwinua mwenzake.

"Haya," nilimsikia Tiana, "chakula kinapoa na hawa wamelala."

"Nyamaza," Mama Detinha akasema. "Hakuna wa kula humu mpaka wamalize."

"Nibariki, mama Ekedi," Ivonilde alisema, midomo karibu na sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu getini.

"Nana akubariki, dada. Na mimi nakuomba radhi. Niliuandika mkeka wako kwa mkono wangu, na nilicheka."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Hilo hakuwa analijua. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Nina hasira na wewe, mama. Bado kabisa."

"Najua. Nibariki hivyo hivyo."

Juu yetu watu mia tatu hawakukohoa, na mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Subiri," alisema.

Nikalala pale, nguo yangu nyeupe inakunywa maji ya sakafu, nikasubiri.